Meli ya Anga Ilipopita Juu ya Kwetu

Kazi ya Annegret Vögtle ilikuwa ikichekwa, na mwenyewe alikuwa ameshazoea. Asubuhi akiingia duka la mikate kijijini kwao, mteremkoni kando ya ziwa, kati ya Immenstaad na Meersburg, muuzaji alimpokea kwa maneno yaleyale: "Vipi, Annegret, ile soseji yenu leo inaruka au mmeshaikaanga?"

"Inaruka," alijibu huku akikusanya mikate yake. "Na nyinyi endeleeni kukaa kituoni kusubiri treni mpaka mvi ziwatoke."

Duka zima lilicheka, maana hata hao waliokuwa wakiisema meli ya anga, lile puto refu la gesi lenye injini, walikuwa wakiipanda. Miezi ya kwanza watu walipanda wapige picha. Siku hizi walipanda kwa sababu walikuwa na safari. Meli ilitoka Bregenz asubuhi, ikashuka Friedrichshafen, ikafuata ziwa na baadaye mto Rhine mpaka Basel, na jioni ikarudi. Haikuwa na mbio za ndege, lakini pia haikudai uwanja wa lami wala foleni ya ukaguzi ya kuvuana mikanda. Ilishuka malishoni, ikafungwa pua yake kwenye mlingoti, abiria wakapanda ngazi kama wanaoingia basi. Akina mama walipanda na vigari vya watoto. Mawakili walifungua kompyuta zao mezani na kahawa isitikisike kikombeni. Wazee ambao magoti yao hayakunjiki tena walinyoosha miguu watakavyo. Na madirisha yalifunguka. Injini za umeme zilinguruma kama jokofu la jikoni tu, na meli ilipita chini kiasi kwamba mtu dirishani aliweza kuona rangi ya mashuka yaliyoanikwa.

Annegret alikuwa mhudumu wa abiria humo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha bila kuudhi. Zamani alihudumu kwenye ndege za masafa marefu akiishi Hamburg na mumewe, Torsten. Ndoa ikavunjika. Kabla hajajua aelekee wapi, akapigiwa simu kwamba baba yake, Mzee Meinrad, ameanguka kutoka juu ya mtufaa, ameumia mgongo na miguu imekufa ganzi. Madaktari walisema mishipa huenda ikaamka, huenda isiamke. Mama alikwisha kufa, na mtoto alikuwa yeye peke yake. Annegret akafunga virago.

Alimwogesha baba yake, akampikia, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Kila jioni alipiga magoti mbele yake akamkanda miguu kwa mafuta ya mitishamba. Kazi ya meli ya anga ilimfaa kwa jambo moja kubwa, kwamba ilimrudisha nyumbani kila jioni. Kampuni ilipotengeneza meli ya pili, kubwa zaidi, yenye vyumba vya kulala, ya kwenda mpaka Gothenburg, kaskazini ya mbali, ilimtaka awe mkuu wa wahudumu humo. Alikataa. Walipomrudia alikataa tena.

"Nina baba," alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Juni, cheri zimeiva. Upepo wa joto wa milimani ulikuwa umeamka tangu alfajiri, ule unaolifanya ziwa lionekane jembamba na milima ya Uswisi iwe kama imeletwa karibu na mtu. Meli ilipopaa kutoka Friedrichshafen, Kapteni Burkhard Ströbele alimwita Annegret mbele.

"Katikati ya ziwa kuna misukosuko leo," alisema bila kutoa macho kwenye vioo vyake. "Sitaki kumwagia watu kahawa. Nitakumbatia ufuko wa kaskazini, nipite juu ya mashamba ya matunda."

"Juu ya kwetu?"

"Juu ya kwenu kabisa. Mwambie mzee atoke nje."

Annegret hakuwahi kukiona kijiji chake kutoka angani, maana siku zote walipita mbali, katikati ya maji. Alimpigia baba yake simu. Ikaita mpaka ikakata. Amelala, alijisemea, na furaha haikumpungua. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu abiria, leo upepo umetuonea huruma. Upande wa kulia, muda si mrefu, mtaona nyumba yenye paa jekundu na mcheri mkubwa uani. Ni kwetu hapo. Baba yangu hatembei, masikini, lakini hupenda kukaa kibarazani kwenye kiti chake. Mkimwona mpungieni mkono, atafurahi mwezi mzima."

Watu walisogea upande wa kulia wakicheka. Bibi mmoja mnene, Ottilie Rauscher, aliyekuwa akienda Basel kumwona mjukuu wake, alitoa darubini yake ya kutazamia ndege. Mwanamke mwingine alimbeba bintiye mdogo amsogeze dirishani.

Paa likaja. Annegret alilijua kwa vigae vyake vitatu vipya. Kisha ua, kisha kibaraza. Kibaraza kilikuwa kitupu.

"Yule kwenye ngazi ni nani?" Bi Ottilie aliuliza. "Mmeajiri mtu wa bustani?"

"Hatuna mtu wa bustani."

"Basi kuna mzee anawachumia cheri zenu. Hebu tazama."

Annegret alipokea darubini. Kwanza aliona majani, kisha kofia ya majani makavu. Kisha suruali ya kijani yenye kanda za mabegani, suruali ambayo yeye mwenyewe asubuhi ile aliipitisha mguu mmoja mmoja, akamwinua baba yake kwa kwapa na kumfunga vifungo. Aliyeivaa alikuwa amesimama kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kidato, wa pili ameutupa juu ya tawi, na mwili wote umejinyoosha kufuata kishada cha mbali. Chini ya mti palikuwa na kiti cha magurudumu, na juu ya kiti kapu limejaa cheri.

Annegret alitoa darubini machoni, akafuta vioo kwa kitambaa chake cha kazi, akatazama tena.

Hapo kivuli cha meli kikafika uani. Kilitambaa juu ya nyasi, kikapanda ngazi, kikamfunika mzee. Mzee aliinua uso. Na watu wote waliokuwa dirishani waliona, wenye darubini na wasio nayo, jinsi alivyoshuka ile ngazi upesi upesi kama kijana aliyeitiwa chakula, akalitupa kapu nyasini, akaketi kwenye kiti, akavuta blanketi na kulitandaza magotini. Kisha akainua mkono, akapunga.

"Mama!" yule binti mdogo alipiga kelele. "Babu amepona!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatiza kicheko chake katikati. Zikabaki injini tu na upepo dirishani. Hakuna aliyepunga mkono. Annegret alitaka kusema neno, lolote, kwa sababu ni kazi yake kusema neno watu wanapoduwaa.

Sauti ya kapteni ikatoka kwenye simu ya ndani. "Vipi, umemwona mzee?"

"Nimemwona," alijibu.

Katika ndege nyumba ingekwisha potea, ikawa doa, ikawa si kitu. Meli ya anga haina haraka hiyo. Paa jekundu lilirudi nyuma polepole, dirisha kwa dirisha, na Annegret akalifuata akipita nyuma ya viti mpaka mwisho wa chumba, darubini ya watu mkononi. Ndiyo maana aliona na lililofuata. Pua ya meli ilipokwisha kupita, baba yake alishusha mkono, akangoja kidogo, akakunja blanketi vizuri pembe kwa pembe, akasimama. Akanyoosha mgongo. Akaokota kapu na kurudi mtini.

Bi Ottilie alimfuata kule nyuma, akamshika kiwiko. "Kaa chini, binti yangu."

"Nina kahawa ya kugawa, Bibi."

"Kahawa haina miguu, itakungoja."

Bibi alipogundua alichosema aliziba mdomo kwa kiganja. Annegret akamtazama, kicheko kibaya kikamtoka, kifupi, akakimeza.

"Labda ndiyo kwanza amepona leo," Bi Ottilie alisema. "Mambo hayo hutokea. Huenda anataka kukushtukiza jioni."

"Aliyepona leo hapandi ngazi vile. Umeona mguu wake wa pili ulivyokuwa juu ya tawi? Yule anapanda kila siku."

Alifanya kazi. Alimwaga kahawa mara mbili ingawa meli haikutikisika hata kidogo. Saa zilizobaki mpaka Basel zilikuwa ndefu kuliko safari yoyote aliyopata kusafiri, na aliuchukia mwendo ule wa taratibu ambao kila siku alikuwa akiusifia kwa abiria. Huwezi kushuka. Huwezi hata kukimbia. Unaelea tu, na dunia chini yako inaonekana yote, ng'ombe na watu na baiskeli.

Walipofungwa mlingotini Basel, alikwenda kusimama nyasini, akampigia jirani yao Hiltrud, mwanamke aliyekuwa na ufunguo wa nyumba yao na aliyepita kila adhuhuri kumtazama mzee.

"Hiltrud, nijibu kweli. Baba anatembea?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayevuta kiti akae. "Kwani wewe hujui?"

"Tangu lini?"

"Annegret, usinitanie. Tangu mwaka juzi, mavuno ya zabibu. Alianza kwa fimbo, baadaye akaiacha. Yeye mwenyewe alituambia unajua, ila hupendi tulizungumze mbele yako, linakukumbusha mabaya ya ajali. Ndiyo tukanyamaza, tukikuheshimu."

"Tukanyamaza kina nani?"

"Sote, mpenzi wangu. Mikate ya saa nne anakwenda kununua mwenyewe. Jumamosi ile uliyokuwa kazini, harusini kwa akina Fridolin, si alicheza?"

"Alicheza nini?"

"Polka. Polka mbili za kurukaruka."

Annegret alikata simu. Alikumbuka kicheko cha duka la mikate kila asubuhi, akasikia masikio yakimwaka moto.

Jioni alipofika nyumbani, Mzee Meinrad alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, blanketi magotini, bakuli la cheri mkononi.

"Umeniona leo?" aliita kabla Annegret hajafungua geti. "Nilikupungia! Nilisikia mngurumo nikasema, huyo ni binti yangu. Nimejisukuma mpaka uani, mabega yananiuma hadi sasa."

"Nilikuona, Baba. Cheri amechuma nani?"

"Hiltrud. Mwema sana yule mama."

Annegret aliingia jikoni, akateleka dengu, akatoka na chupa ya mafuta na taulo. Alipiga magoti kama kila jioni, akamvua viatu na soksi. Akaanza kukanda. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Hamburg alitazama kile alichokishika. Misuli ya mashavu ya miguu ilikuwa imejaa, migumu kama viazi. Chini ya unyayo, katikati, palikuwa na sugu iliyolala kwa upana, mahali panapokanyaga kidato cha ngazi. Jioni ngapi alikuwa ameishika sugu ile? Alikuwa akipitisha vidole juu yake huku akieleza habari za abiria.

"Polka ilikuwaje?" aliuliza bila kuinua uso.

Mguu ukakakamaa mikononi mwake. Mguu uliokufa ganzi ulijikunja vidole vyote vitano.

"Polka gani?"

"Zilikuwa mbili, nasikia."

Mzee aliweka bakuli chini. Cheri moja ilidondoka ikabingirika mpaka ngazini, na wote wawili wakaitazama kana kwamba ndiyo yenye maneno.

"Annegret…"

"Simama."

"Mwanangu, acha nikueleze kwanza…"

"Simama, Baba! Nimekuona juu ya mti! Nimekuona mimi na abiria thelathini na mtoto mdogo. Umekaa ukatupungia, halafu ukainuka tena. Nilikuwa na darubini. Simama!"

Akasimama. Blanketi lilianguka miguuni pake. Alisimama peku juu ya mbao za kibaraza, imara, mikono ikining'inia, na kilichomshtua Annegret kupita yote ni urefu wake. Alikuwa amesahau kwamba baba yake ni mrefu kuliko yeye. Miaka yote hiyo alikuwa akimtazama kutoka juu, kama unavyomtazama mtoto.

"Nilikufunga vifungo vya suruali," alisema. "Asubuhi ya leo. Nilikuinua kwa kwapa nikaumia kiuno. Ulisema, pole binti yangu."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Mzee Meinrad alitafuta pa kuweka macho, akakosa. "Ulipokuja kutoka Hamburg hukuwa mtu. Hukuwa unakula. Ulilala mpaka adhuhuri, na ukiamka ni kwa sababu mimi naita nataka kwenda chooni. Siku vidole vya miguu vilipoanza kucheza nilikuwa peke yangu. Nikajiambia, nikisimama leo, huyu naye hatainuka kitandani. Nisubiri apate nguvu."

"Nimepata nguvu zamani."

"Najua."

"Basi?"

"Basi ukapata nguvu, nami nikaanza kuogopa." Alisema hivyo upesi, kama mtu anayetema mbegu. "Uliporudi ukaniambia wamekutaka Gothenburg na wewe umekataa kwa ajili yangu, nilipaswa kusimama palepale mezani. Miguu ilikuwa tayari. Niliishikilia kwa mikono chini ya meza isiniinue. Nikakwambia, asante mwanangu. Na ulipokataa mara ya pili nikala chakula changu nikashiba."

Annegret alisikiliza akiwa bado amepiga magoti, mafuta yakimtiririka mpaka viwikoni. Sehemu ya kwanza ya maneno yale ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Asingeinuka mwaka ule. Alijua. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, ya pili ilimuuma maradufu. Angetaka uongo ule uwe wa aina moja tu, auchukie wote kwa mkupuo.

"Na kijiji kizima?"

"Niliwadanganya na wao. Usiwachukie."

"Nitamchukia nimtakaye," alisema, akainuka. Jikoni dengu zilikuwa zimeanza kuungua, harufu ikijaa ukumbini. "Chakula kiko motoni. Pakua mwenyewe."

Alishuka mpaka chini ya bustani, kwenye ukuta wa mawe, akampigia Kapteni Ströbele. Alisikia watoto wa kapteni wakigombana nyuma yake na sahani zikigongana.

"Ile nafasi ya Gothenburg bado ipo?"

"Ipo. Hatujampata mtu. Lakini mzee je, utamwacha na nani?"

"Mzee anacheza polka."

Bila shaka na kapteni mwenyewe, kule mbele kwenye vioo vyake, alikuwa ameona kitu, na siku nzima alikuwa amekikalia. "Basi njoo kesho tuandikishane," alisema kwa upole.

Alipopanda tena kuelekea nyumbani, alikuta taa ya ghorofani imewaka, kwenye chumba cha wazazi wake ambacho hakikuwa na mtu tangu ajali. Baba yake alikuwa akihamisha godoro lake kutoka sebuleni, peke yake, akilipandisha ngazi kwa vishindo. Annegret aliketi jikoni mbele ya sufuria iliyoungua. Hatua zikapita juu ya kichwa chake, kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi dirishani, nzito, zisizoficha tena kitu. Kila moja ilimgutusha kana kwamba mwizi ameingia.

Asubuhi iliyofuata muuzaji wa mikate hakuuliza habari ya soseji. Alimfungia mikate akitazama mizani. Hiltrud alileta keki ya cheri, akalia mlangoni, na Annegret akamwambia alie amalize kisha aingie.

Alipoanza safari za kaskazini ilikuwa mwisho wa Agosti. Meli ile kubwa ililala juu ya malisho ya Friedrichshafen kama kilima kilichoota usiku mmoja. Mzee Meinrad alikuja kumsindikiza, kwa miguu kutoka kituo cha basi, amevaa koti lake la kanisani. Alisimama akaikagua kuanzia pua mpaka mkia.

"Wageni wanaruhusiwa kuingia wakatazama?"

"Wanaruhusiwa."

"Ningependa kuona unapolala."

"Safari nyingine, Baba. Bado nina hasira na wewe."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ikiisha nitakwambia."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Hakuomba, na hilo Annegret aliliheshimu. Mzee alimpa mkono, kisha akageuka akayafuata majani mpaka barabarani, mfuko wa sokoni begani, kuelekea mjini kununua chakula cha wiki nzima cha mtu mmoja. Annegret alikuwa na abiria wa kupokea na alikuwa amechelewa. Hata hivyo alibaki pale kwenye ngazi, mkono kwenye chuma baridi, akiitazama ile miguu ikienda, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, na bado haikumwingia akilini.